Paka mnene ghalani: kumnyima chakula ni hasara

WENYE maduka ya jumla na maghala ya mazao huko Kipatimu, katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa, hawahitaji kuelezwa faida ya paka. Tangu ufuta wa Mkoa wa Lindi uanze kuuzwa kwa minada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mzigo wa mkulima hupokelewa katika ghala la chama cha msingi, kisha husubiri mnunuzi. Kila siku ya kusubiri ni siku ya panya. Gunia likitobolewa, ufuta humwagika sakafuni, na ukichanganyika na mchanga, mkojo na kinyesi hushuka daraja. Kwa sababu hiyo paka hufungiwa stoo usiku, na ufunguo huondoka na mwenye mali.

Tatizo huanza baada ya mwaka mmoja au miwili. Paka anayeishi ndani ya kuta nne, analala juu ya magunia na kulishwa na kila anayeingia, hunenepa. Tumbo huning'inia, kiuno hupotea, na magunia aliyokuwa akiyapanda kwa mruko mmoja sasa huyatazama tu akiwa chini. Hapo hutolewa shauri la siku zote: mnyime chakula siku tatu, atakonda na panya atawatafuta mwenyewe.

Kibiashara na kiafya, shauri hilo ni la hasara tupu. Paka mnene anayenyimwa chakula ghafla anaweza kufa kabla hajakonda, na mwenye ghala akabaki na panya wake. Kumpunguza uzito kwa usalama kunawezekana hapo hapo Kipatimu, kwa mizani ya dukani, kibaba na daftari. Kinachotakiwa ni muda wa miezi, na mtu mmoja wa kusimamia hesabu.

INI HUZIDIWA MZIGO

Mwili wa paka hauvumilii mfungo. Anapokosa chakula, mafuta yaliyohifadhiwa tumboni na chini ya ngozi huachiliwa kwa wingi, yakaenda kwenye ini ili yageuzwe kuwa nguvu. Ini la paka huzidiwa upesi na kazi hiyo. Mafuta hujaa ndani yake, ini hushindwa kufanya kazi, na paka hupoteza kabisa hamu ya kula. Ikifika hapo, hata akiwekewa kipande cha nguru hagusi. Kadiri paka alivyo mnene, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa, kwa kuwa mafuta yanayokwenda kwenye ini ni mengi zaidi.

Siku 2 au 3 za kutokula zinatosha kuanzisha ugonjwa huo. Dalili zake ni kulegea, kutapika, kudondosha mate, na weupe wa macho, fizi na ndani ya masikio kugeuka manjano. Tiba yake ni kulishwa kwa mpira chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, mara nyingi kwa majuma kadhaa. Bila tiba, wengi hufa.

Hatari hiyo huja hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kumkondesha paka. Mfanyabiashara hufunga duka, hushuka Njia Nne, hupanda basi kwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa, na kurudi siku ya nne. Paka amebaki ndani, kwa hesabu kwamba panya watamtosha. Kama ghala ni safi na panya ni wachache, au kama paka ni mzito asiyeweza kukimbia, huyo amefungwa saumu bila kujua. Anayesafiri amwachie jirani ufunguo, au amtoe paka akae nyumbani hadi safari iishe.

Kubadilisha chakula ghafla kuna hatari kama hiyo. Paka aliyezoea dagaa akiwekewa kitu kigeni anaweza kukigomea kwa siku kadhaa. Msemo kwamba njaa ikimzidi atakula, unaofaa kwa mbwa, usitumiwe kwa paka. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10.

KWANZA MIZANI

Mfanyabiashara hanunui mzigo kwa kuutazama kwa macho. Paka naye asihukumiwe kwa macho.

Kipimo cha kwanza ni mkono. Kunja ngumi, kisha pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu za paka zikihisika hivyo, amekonda. Nyoosha vidole na upapase mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo mbavu za paka wa kadiri zinavyohisika, zipo chini ya nyama kidogo. Geuza kiganja na ubonyeze upande wa ndani: mbavu zikijificha namna hiyo, paka amenenepa. Kisha mtazame kutoka juu akiwa amesimama. Paka wa kadiri ana kiuno nyuma ya mbavu. Mnene ni kama gunia la lumbesa, amejaa kupita mdomo.

Kikunjo cha ngozi kinachoning'inia chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, ni maumbile ya paka wengi na peke yake si unene. Aidha, tumbo kubwa pamoja na mgongo wenye mifupa iliyochomoza si mafuta hata kidogo. Hiyo ni dalili ya minyoo au ugonjwa, na paka huyo anahitaji bwana mifugo, wala asipunguziwe chakula.

Kipimo cha pili ni mizani. Ile ya kupimia magunia haifai, kwa kuwa haionyeshi tofauti ya gramu 50. Inayofaa ni ile ya dukani inayopima sukari na mchele. Paka atiwe ndani ya kapu lenye mfuniko, apimwe, kisha kapu lipimwe peke yake na uzito wake utolewe, kama unavyotolewa uzito wa gunia tupu. Apimwe siku moja kila juma, saa ile ile, kabla hajala, na tarakimu iandikwe daftarini.

Paka wengi wakubwa wa kawaida huwa kati ya kilo 3 na 5, kutegemea umbo na jinsia. Dume huwa mzito kuliko jike.

SOKO LISHUKE POLEPOLE

Kasi salama inayokubaliwa na madaktari wa wanyama ni kupungua kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya uzito wa mwili kwa juma. Chukua mfano wa paka wa kilo 6. Huyo apungue kati ya gramu 30 na gramu 120 kwa juma, asizidi hapo. Akishuka kwa asilimia moja, yaani gramu 60 hivi mwanzoni, atafika kilo 4.5 baada ya majuma 29, karibu miezi 7.

Kwa mtu aliyezoea bei inayopanda na kushuka kwa siku moja, miezi 7 ni mingi. Lakini mafuta hayo hayakuingia kwa juma moja. Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba, na kitapunguzwa kwa haba na haba.

Daftari lisomwe hivi. Uzito usipobadilika kwa majuma 2, punguza chakula kidogo tena. Ukishuka kwa gramu 30 hadi 60 kwa juma, usiguse kitu. Ukishuka kupita gramu 120 kwa juma, ongeza chakula mara moja. Na ukishuka haraka wakati paka anakula vizuri, anakunywa maji mengi na kukojoa sana, hiyo huenda ni kisukari, ugonjwa unaowapata zaidi paka wanene. Aonwe na daktari wa mifugo.

MAFUTA YANAINGIA WAPI

Kabla ya kupunguza chochote, juma zima litumike kuandika kila kinachoingia kinywani mwa paka. Hapo ndipo wengi wanaposhangaa. Mwenye duka humpa dagaa asubuhi. Kijana wa kupakia magunia humtupia ukoko wa ugali mchana. Mama lishe wa jirani humwagia mchuzi wa nazi. Watoto wakitoka shule humpa andazi. Kila mmoja anadhani ametoa kidogo, na kila mmoja anasema kweli.

Hesabu ya kalori huonyesha ukubwa wa kidogo hicho. Paka anayetakiwa kufika kilo 4.5 huhitaji takriban kalori 215 kwa siku akiwa ametulia tu, na madaktari wengi huanzisha mpango wa kupunguza kwenye asilimia 80 ya kiwango hicho, yaani kalori 170 hivi. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe cha robo lita kina kalori karibu 150. Kwa maneno mengine, kikombe hicho peke yake kinakaribia posho yake ya siku nzima, na paka wengi wakubwa tumbo lao haliyamudu maziwa, huwaharisha. Gramu 100 za ugali zina kalori zaidi ya 100, karibu zote za wanga. Tui zito la nazi ni mafuta: mililita 100 zinapita kalori 200.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuteua mtu mmoja tu wa kumlisha paka, na wengine wote waambiwe hivyo waziwazi. Ya pili ni kuondoa maziwa, mchuzi wa nazi, maandazi na ugali. Kwa paka wengi wa dukani hatua hizo 2 pekee zinatosha kuanzisha mshuko, kabla hata posho ya dagaa haijaguswa. Vitunguu na vitunguu saumu vilivyomo kwenye mchuzi ni sumu kwa damu ya paka, kwa hiyo mabaki ya sufuria yana sababu nyingine ya kuachwa.

POSHO YA SIKU

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hujengwa na protini, na kuna virutubisho ambavyo hawezi kujitengenezea vya kutosha. Kimojawapo ni taurini, kinachopatikana katika nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa upungufu wake hudhoofisha moyo wa paka. Madhara yake kwa macho yalikuwa yamejulikana tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo anayepunguza uzito wa paka apunguze wanga na mafuta, na nyama ibaki. Kumpa ugali mwingi na dagaa kiduchu ili kubana matumizi ni kinyume cha kinachotakiwa. Chakula cha mbwa nacho hakifai, kwa kuwa hakitengenezwi kwa mahitaji ya paka.

Dagaa wakavu wana kalori 300 au zaidi kidogo kwa gramu 100. Tuseme paka wa kilo 6 amekuwa akila gramu 100 kwa siku. Asishushwe hadi 50 kwa mkupuo. Ashushwe hadi 90, apimwe kwa majuma 2, kisha 80, hadi mizani ianze kuonyesha mshuko wa gramu 30 hadi 60 kwa juma. Hapo pasimamiwe. Chini ya gramu 50, posho ambayo kalori zake hukaribia zile 170, asishushwe bila ushauri wa daktari wa mifugo, maana atakosa vitamini na madini pamoja na kalori.

Posho igawanywe mara 3 au 4 kwa siku, kwani tumbo la paka limezoea milo midogo. Maji safi yawepo saa zote.

Dagaa wa mwambao wengi huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweshwe, maji yamwagwe, wachemshwe tena bila chumvi. Kulowesha kuna faida nyingine. Samaki mbichi asiye na mafuta mengi akichemshwa ana kalori karibu 100 tu kwa gramu 100, theluthi ya dagaa mkavu, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Bakuli la samaki wa majimaji humshibisha paka kwa kalori chache. Siku ambazo samaki wabichi wamepanda kutoka Somanga au Kivinje, vichwa na mapande yasiyouzika, yakichemshwa na miiba mikubwa kuondolewa, ni chakula bora kuliko kiganja cha dagaa wakavu.

Samaki peke yao kila siku, hata hivyo, hawatoshi. Baadhi ya samaki wakiliwa wabichi huharibu vitamini B1 mwilini, na samaki wa mafuta wakiwa chakula pekee huleta upungufu wa vitamini E. Wapikwe, na wapokezane na firigisi, mapande ya nyama ya ng'ombe, au yai lililochemshwa mara mojamoja. Maini yawe kidogo tu, kwani vitamini A ikizidi huharibu mifupa ya paka.

Panya nao wahesabiwe. Panya mdogo wa nyumbani humpa paka kalori karibu 30, hivyo paka aliyekula panya 3 usiku ameshakula zaidi ya nusu ya posho ya siku.

NJAA HAIMFANYI MWINDAJI

Wanaotetea njaa husema paka aliyeshiba hawindi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1976 yalionyesha vingine: paka waliokuwa wanakula chakula wanachokipenda waliacha sahani, wakamwua panya aliyeletwa karibu, kisha wakarudi kula. Hamu ya kuwinda haingoji tumbo tupu. Kinachomzuia paka mnene ni uzito, maungo yanayouma na mazoea ya kukaa.

Huko Uingereza, mwanasayansi Charles Elton alichapisha mwaka 1953 matokeo ya uchunguzi wake juu ya paka wa mashambani. Pale ambapo panya walikuwa wameondolewa kwanza, paka waliweza kuwazuia wasirudi kwenye majengo, na walipewa maziwa ya kila siku ili wasihamie kwingine. Paka aliyelishwa ndiye aliyebaki kazini. Utafiti wa Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, uliochapishwa mwaka 2017, uliona kuwa panya walipungua kuzunguka kaya zilizokuwa na paka na mbwa kwa pamoja, kwa sababu panya waliogopa kutoka kutafuta chakula.

Mafunzo hayo yana maana kwa mwenye ghala. Panya shamba, msumbufu mkubwa wa nafaka nchini, huzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo. Paka hawezi kumaliza jeshi hilo akiwa mnene wala akiwa mwembamba. Matundu yazibwe, magunia yapangwe juu ya chaga na mbali na ukuta, na taka zifagiliwe. Paka alinde kilichokwisha safishwa. Sumu ya panya na paka visiwekwe ghala moja, maana paka akila panya aliyelishwa sumu anaweza kufa naye.

MIGUU IFANYE KAZI

Paka anayefungiwa ndani anahitaji sababu ya kutembea. Posho yake isikae yote kwenye kisahani kimoja. Sehemu ifichwe nyuma ya magunia, sehemu juu ya kreti, sehemu pembe ya mbali, ili aitafute. Gunzi lililofungwa kamba na kuburutwa sakafuni litamkimbiza dakika 5 asubuhi na 5 jioni. Paka mzito asilazimishwe kuruka kutoka juu ya magunia. Awekewe vidaraja hadi apungue.

Sanduku la mchanga liwekwe karibu na mlango na kusafishwa kila siku. Paka asiruhusiwe kulala juu ya ufuta ulio wazi, kwani manyoya na kinyesi chake ni uchafu sawa na wa panya machoni pa mkaguzi wa ubora.

WASIOPUNGUZWA

Paka jike mwenye mimba, ambayo huchukua karibu majuma 9, asipunguziwe chakula, wala anayenyonyesha, wala mtoto anayekua. Mgonjwa atibiwe kwanza. Paka aliyehasiwa au kufungwa kizazi hutumia kalori chache kuliko mwanzo, kwa hiyo posho yake iangaliwe tangu siku ya upasuaji. Na kwa paka yeyote, saa 24 za kukataa kula ni sababu ya kusimamisha mpango na kumpa chochote anachokipenda. Zikipita 48, atafutwe daktari wa mifugo.

HESABU YA MWISHO

Anayehofia kuwa mpango huu una gharama afanye hesabu. Kutoka gramu 100 za dagaa kwa siku hadi 60, akiba ni gramu 280 kwa juma, zaidi ya kilo 14 kwa mwaka. Kupoteza paka anayelijua ghala na kuanza na mtoto wa paka kunagharimu zaidi ya hapo, kwa kuwa paka akiondoka panya hutawala.

Ufuta wa Lindi huanza kuvunwa mnamo mwezi Mei. Mwenye ghala anayempima paka wake wa kilo 6 mwanzoni mwa Novemba, akashusha kwa asilimia moja kila juma bila kuruka mizani, atakuwa na paka wa kilo 4.5 mwishoni mwa Mei, magunia ya kwanza yanapoanza kuingia.